Benjamin Franklin na Meko ya Nyumba za Mbao

Mji wa Boston, ulioko upande wa mashariki wa Marekani, hupatwa na baridi kali kwa miezi mingi ya mwaka. Theluji huanguka, maji ya mitoni huganda yakawa magumu kama jiwe, na mtu asiye na moto nyumbani mwake hawezi kuishi. Watu wa zamani wa mji ule walijenga nyumba nyingi kwa mbao, kwa kuwa misitu ilikuwa karibu na matofali yalikuwa ghali. Nguzo zilikuwa za mbao, na kuta za mbao, na sakafu za mbao, hata paa liliezekwa kwa vibao vyembamba. Kisha ndani ya nyumba hiyo, ambayo yote ilikuwa kuni tupu, wakawasha moto mkubwa mchana na usiku. Litafakarini jambo hili, maana ndilo lililomshughulisha tangu ujana hata uzee mtu ambaye tutasoma habari zake hapa.

Jina lake Benjamin Franklin. Alizaliwa Boston tarehe 17 Januari 1706, zamani zile nchi ile ilipokuwa bado chini ya mfalme wa Uingereza. Baba yake, Josiah, alikuwa amehama kutoka Uingereza, na kazi yake ilikuwa kuyeyusha mafuta ya wanyama na kutengeneza mishumaa na sabuni. Watoto wa mzee huyu walikuwa 17, na katika wana wa kiume Benjamin alikuwa wa mwisho. Basi mtoto huyu alikulia penye moto, akazoea kuona sufuria za mafuta zikichemka, na kukata tambi za mishumaa, na kumimina mafuta katika kalibu. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo.

Alipokuwa na umri wa miaka 5, mwezi wa Oktoba 1711, moto ulizuka katika ua mmoja mjini Boston, ukaenea kutoka nyumba hata nyumba. Nyumba zipatazo 100 ziliteketea, na pamoja nazo nyumba ya baraza la mji na kanisa la kwanza la mji ule. Baada ya msiba huo watu wa Boston walijifunza kuunda vyama vya kusaidiana wakati wa moto, na Benjamin alikua akiviona vyama hivyo. Baadaye, alipohamia mji mwingine, hakuvisahau.

Shuleni alikaa miaka miwili tu, maana baba yake hakuwa na fedha za kumsomesha zaidi. Alipotimiza miaka 12 alipelekwa kwa kaka yake, James, ajifunze kazi ya kupiga chapa. Kazi hiyo aliipenda, kwa sababu ilimpatia vitabu. Lakini kaka yake alikuwa mkali, akampiga mara nyingi. Na hata mwaka wa 1723, Benjamin akiwa na miaka 17, alitoroka, akasafiri kwa chombo na kwa miguu, akafika Philadelphia. Aliingia mji ule akiwa amechoka, hana rafiki, na mfukoni ana fedha chache tu. Alikwenda London akafanya kazi huko, akarudi mwaka wa 1726, akafungua kiwanda chake mwenyewe cha kupiga chapa, na mwaka wa 1729 akanunua gazeti. Hata akawa mtu mwenye mali na sifa.

Philadelphia ulikuwa mji mzuri, na nyumba nyingi zilikuwa na kuta za matofali. Mgeni aliyezitazama kwa nje aliweza kudhani ya kuwa moto hauwezi kuzidhuru. Lakini ndani boriti zilikuwa za mti, na sakafu, na ngazi, na mapambo ya ukutani. Na juu paa lilikuwa la vibao vikavu. Matofali yalikuwa kama ganda la yai tu. Mwaka wa 1730 moto uliozuka pwani ya mto uliteketeza maghala na nyumba, na watu wakaona jinsi mji wao ulivyo dhaifu.

Hapa yafaa tueleze meko ya watu wale yalivyokuwa, maana hayakufanana na mafiga yetu matatu. Mafiga hukaa juu ya udongo, na udongo hauungui. Meko yao yalikuwa kama chumba kidogo kilichochimbwa ukutani, kimezungukwa na matofali, na juu yake dohani inayopanda mpaka kupita paa ili itoe moshi nje. Mbele ya moto sakafu ilitandazwa matofali au mawe. Mtu akiona matofali hayo hudhani kwamba kazi imekwisha. Lakini hatari ilikuwa imejificha katika mambo manne.

La kwanza, chini ya matofali ya meko mara nyingi mlipita boriti za sakafu. Matofali huzuia ulimi wa moto, lakini hayazuii joto. Joto hupenya polepole, siku baada ya siku, likaukausha mti ule na kuugeuza kuwa kama makaa. Mti uliokauka hivyo kwa miaka huweza kushika moto kwa joto dogo ambalo mti mbichi usingelijali. Kwa sababu hiyo nyumba iliweza kukaa salama miaka 10, na mwenyewe akasifu kazi ya fundi wake, kisha usiku mmoja ikaungua bila mtu kujua moto ulitoka wapi. La pili, mafundi walipenda kupigilia mbao za urembo kandokando ya mdomo wa meko, karibu kabisa na moto. La tatu ni masizi. Kuni zikiungua, hasa kuni mbichi, moshi wake huacha ndani ya dohani masizi meusi yenye mafuta. Masizi hayo nayo ni kuni. Yakishika moto, dohani nzima hunguruma kama tanuu, na kama kuna ufa katika matofali, moto hutokea humo ukaingia katika mbao. La nne ni cheche zinazoruka juu na kuangukia vibao vya paa.

Mwezi wa Februari 1735 Franklin alipiga chapa barua katika gazeti lake mwenyewe. Alijifanya kuwa mzee wa mji asiyetaja jina lake, ingawa wakati huo umri wake ulikuwa miaka 29 tu. Nadhani alijua ya kuwa watu husikiliza zaidi maneno ya mzee. Katika barua hiyo hakuanza na mambo makubwa. Alianza na sepetu ya makaa. Ilikuwa desturi, mtu akitaka kuwasha moto katika chumba cha pili, achote makaa ya moto kwa sepetu ayapeleke huko, pengine akipanda nayo ngazi. Kijipande kidogo huanguka njiani, kikaingia katika upenyo wa sakafu; hakionekani wala hakinuki, na watu hulala; usiku wa manane ndipo moto hutokea. Akawashauri wachukue makaa katika chombo chenye kifuniko. Kisha akasema juu ya meko yenye sakafu fupi mno, ambayo gogo likianguka huangukia mbao. Na juu ya zile mbao za urembo kandokando ya meko, akataka zikatazwe kwa sheria. Hata wafagia dohani hakuwasahau. Alitaka wapewe ruhusa na mkuu wa mji, na dohani ikiwaka moto siku chache baada ya kufagiwa, faini ailipe mfagiaji, maana kosa ni lake.

Shauri hili la mwisho lanipendeza sana. Watu wengi nyumba ikiungua humlaumu moto. Franklin aliuliza ni nani aliyepewa kazi akaifanya nusu.

Barua haizimi moto, naye alijua hivyo. Tarehe 7 Desemba 1736 yeye na wenzake waliunda chama cha kuzima moto, kikaitwa Union Fire Company. Kila mwenye kuingia aliahidi kuweka nyumbani kwake, kwa gharama yake, ndoo za ngozi na mifuko ya kitani iliyo imara. Ndoo zilikuwa za kupokezana maji. Na mifuko ilikuwa ya kuokolea vyombo vya mwenye kuunguliwa, visipotee wala visiibwe katika ghasia. Wanachama walikutana kila mwezi wakazungumza habari za moto, na aliyekosa kuja alitozwa faini, na fedha hizo zikatumika kununulia vifaa. Watu wengi walitaka kuingia hata nafasi hazikutosha. Wale waliokosa nafasi hawakukataliwa kwa dharau. Waliambiwa waunde chama chao wenyewe. Basi vyama vikaongezeka, mpaka karibu kila mwenye nyumba akawa katika chama kimojawapo.

Baada ya hayo Franklin alianza kuyafikiria meko yenyewe. Aliona mambo mawili yanayomsikitisha. Meko yale ya ukutani yalikula kuni nyingi mno, na joto lake karibu lote lilipanda juu katika dohani pamoja na moshi. Mtu aliyekaa mbele ya moto aliungua uso, na mgongo wake ukaganda kwa baridi. Tena kuni zilikuwa zimeanza kuadimika. Zamani zilipatikana mlangoni pa kila mtu, lakini wakati wake miji mingine ilizileta kutoka mwendo wa karibu maili 100. Mtu maskini aliumia sana.

Basi katika miaka ya mwanzo baada ya 1740 alibuni jiko la chuma, akalipa jina la jimbo lake, yaani meko ya Pennsylvania. Lilikuwa kama sanduku la vibamba vya chuma cha kusubu, wazi kwa mbele ili watu wauone moto, maana walipenda kuuona. Nyuma ya moto aliweka sanduku jingine jembamba lililo tupu ndani. Hewa safi kutoka nje ya nyumba ilipita katika mfereji chini ya sakafu, ikaingia katika sanduku lile, ikapata joto, kisha ikatoka chumbani ubavuni mwa jiko. Moshi nao haukuruhusiwa kupanda moja kwa moja. Ulipanda juu ya lile sanduku jembamba, ukashuka nyuma yake, ukapita chini, ndipo ukaingia katika dohani. Na njiani uliacha joto lake katika chuma.

Mwaka wa 1744 alipiga chapa kijitabu cha kulieleza jiko hilo, na ndani yake aliweka maagizo kwa fundi mwashi. Kwangu mimi maagizo hayo ni sehemu bora ya kitabu. Fundi hakuruhusiwa kulisimamisha jiko juu ya mbao na kwenda zake. Ilimpasa afanye kazi ndani ya meko ya zamani, mahali penye matofali pande zote. Ajenge ukuta mwembamba wa matofali mbele ya ukuta wa nyuma, aache nafasi ya moshi kupita kati yake. Na hapo juu azibe mdomo wa meko kwa matofali, hewa isipate njia ila kupitia jikoni. Mbele ya jiko aliweka kilango cha chuma cha kuteremsha. Kiliuvuvia moto ulipokuwa ukiwashwa, na usiku kilifungia makaa ndani, gogo lisibingirike sakafuni watu wakiwa wamelala. Kwa maelezo yake mwenyewe, chumba chake kilipata joto maradufu kwa robo ya kuni alizokuwa akizitumia zamani.

Chuma kilisubiwa na rafiki yake Robert Grace, mwenye tanuu la chuma. Gavana wa jimbo, George Thomas, alipendezwa na kijitabu kile, akataka kumpa Franklin hati ya kuwa yeye peke yake ndiye awezaye kuliuza jiko hilo kwa miaka kadhaa. Franklin alikataa. Aliona ya kuwa sisi sote twafaidi vitu vilivyobuniwa na watu wengine, kwa hiyo yatupasa tufurahi kuwapa wengine kitu chetu bure. Mfanyabiashara mmoja wa London alikichukua kijitabu, akabadili mambo machache, akapata hati kwa jina lake, akachuma mali. Habari hii Franklin aliijua, lakini hakumshtaki mtu yule.

Sasa imenipasa kusema ukweli ambao vitabu vingine huuacha. Jiko lile halikufanya kazi vema siku zote. Moshi wa moto hupenda kupanda, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi. Kuulazimisha ushuke ni sawa na kumlazimisha mbuzi arudi nyuma. Jiko likiwa na joto, moshi ulitii. Moto ukipungua na njia ya chini ikapoa, moshi ulirudi chumbani. Kwa sababu hiyo watu wengi waliondoa lile sanduku la ndani. Fundi mwerevu aitwaye David Rittenhouse alilitengenezea bomba la kupandisha moshi bila kuushusha kwanza. Jiko linaloitwa leo kwa jina la Franklin si lile hasa alilolibuni, bali ni mtoto wake aliyefunzwa na wengine.

Mwaka wa 1752 Franklin na wenzake walianzisha chama cha bima ya moto, kiitwacho Philadelphia Contributionship, ambacho kingali kinafanya kazi hata leo. Mwenye nyumba aliweka fedha kwa muda wa miaka saba, na nyumba yake ikiungua alilipwa katika fedha za wote. Lakini kwanza alipelekwa mkaguzi aitazame nyumba. Hapo ndipo watu walipoona faida ya kujenga vema, kwa kuwa mkaguzi alitazama kuta ni za kitu gani, na paa, na mambo ya hatari. Mwaka wa 1781 chama hicho kilikataa nyumba zenye miti mbele yake, kwa sababu matawi yalizuia kazi ya kuzima moto. Nao wapenda miti wakakasirika, wakaunda chama chao wenyewe mwaka wa 1784, alama yake mti wa kijani.

Mwaka huo huo wa 1752 ndipo alipofanya jambo lililompa sifa duniani kote, yaani kurusha tiara wakati wa mawingu ya mvua na kuonyesha kwamba radi ni umeme. Jambo hilo nanyi mwaweza kulisoma katika vitabu vingi. Mimi nataka mwone tu ya kuwa halikuwa mbali na habari za meko. Radi nayo ni moto uingiao nyumbani, ila huu hushuka kutoka juu. Katika kitabu chake cha kalenda cha mwaka wa 1753 aliwaeleza watu namna ya kusimamisha fimbo nyembamba ya chuma juu ya paa na kuishusha mpaka ardhini penye unyevu, ili umeme upite humo usiguse mbao. Shauri lilikuwa lile lile: moto upewe njia yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya siasa. Alikaa London miaka mingi akilitetea jimbo lake. Mwaka wa 1776 alikuwa mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani. Kisha akatumwa Ufaransa kuomba msaada, akakaa huko mpaka mwaka wa 1785. Mambo hayo ni makubwa, na wanaoandika historia wameyajaza katika vitabu vinene. Lakini mwezi wa Agosti 1785, akiwa merikebuni akirudi kwao, mzee wa miaka 79 na mgonjwa wa mawe ya kibofu, alitumia siku za bahari kuandika barua ndefu kwa daktari mmoja rafiki yake, Jan Ingenhousz. Habari ya barua hiyo ilikuwa dohani zitoazo moshi ndani ya nyumba.

Alitaja sababu tisa. Nyingine ni rahisi kufahamu: mdomo wa meko ni mpana kupita kiasi, au dohani ni fupi, au mlima au jengo refu lililo karibu laurudisha upepo chini. Lakini sababu ya kwanza ilikuwa ya ajabu, nayo ni kwamba nyumba imejengwa vizuri mno. Fundi seremala mwenye bidii huunganisha mbao za milango na madirisha zikashikana kabisa, upepo usipate pa kupenya. Basi moto wawaka, moshi wataka kupanda; lakini hewa haiwezi kutoka chumbani kama hewa nyingine haiingii badala yake. Moshi husimama, kisha hurudi kwa watu.

Tena aliwafundisha namna ya kupima. Washa moto, ufunge mlango polepole mpaka moshi uanze kutoka chumbani. Kisha ufungue kidogo kidogo mpaka ukome. Pima upana wa ule upenyo. Ukiwa ni nusu inchi, na mlango una urefu wa futi 8, basi chumba chako chahitaji tundu la hewa la inchi 48 za mraba, yaani inchi 6 kwa inchi 8. Tazameni jinsi hesabu ya darasani ilivyoponya macho ya watu. Siku hizi twajua pia ya kuwa tundu lile laweza kuponya hata uhai, maana moto unaokosa hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu usingizini.

Nyumbani Philadelphia alipanua nyumba yake, na mwaka wa 1787 alimweleza rafiki yake jinsi alivyoijenga. Mbao za chumba kimoja hazikugusana na mbao za chumba cha pili, ili moto ukizuka pamoja usipate daraja la kupitia. Sakafu na ngazi zilipigwa lipu kwa chini hadi kwenye ubao wenyewe, hewa isipate nafasi ya kuulisha moto. Katika paa aliweka vilango vya kutokea, mtu aweze kupanda na kulowesha vibao kwa maji nyumba ya jirani ikiwaka. Hata hivyo hakuridhika. Aliona heri ngazi ziwe za mawe na sakafu za vigae kama alivyoona Paris. Wakati wa kazi hiyo mafundi walipolifikia paa la zamani waliona kwamba ncha ya shaba ya ile fimbo ya radi imeyeyuka. Radi ilikuwa imepiga yeye akiwa mbali, na nyumba isidhurike.

Mafundi wa Marekani wajengao meko katika nyumba za mbao leo hufuata sheria zilizoandikwa, na msomaji wa barua za Franklin atazitambua. Boriti na nguzo huwekwa mbali na matofali ya dohani kwa nafasi ya sentimita 5 hivi. Sakafu isiyoungua hutokeza mbele ya moto sentimita 40 au zaidi, na kuendelea kando zote mbili. Mbao za urembo haziruhusiwi kuukaribia mdomo wa meko. Kichwa cha dohani hupandishwa juu ya paa karibu mita moja, na dohani hukaguliwa kila mwaka na kufagiwa masizi. Mambo hayo yote yalilipiwa kwanza kwa nyumba zilizoungua.

Liko jambo moja katika maisha yake ambalo Mwafrika hawezi kulipita kimya. Franklin alikuwa na watumwa nyumbani mwake kwa miaka mingi, na gazeti lake lilipiga chapa matangazo ya kuwatafuta watumwa waliotoroka, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ametoroka kwa kaka yake. Mawazo yake yalibadilika polepole, na kwa maoni yangu yalichelewa mno. Mwaka wa 1787 alikubali kuwa mkuu wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, na mwezi wa Februari 1790 jina lake lilitiwa katika ombi lililopelekwa kwa baraza kuu la Marekani, likitaka utumwa ukomeshwe. Baraza halikulikubali ombi hilo.

Miezi miwili baadaye, tarehe 17 Aprili 1790, alifariki katika nyumba yake hiyo, akiwa na umri wa miaka 84. Watu wapatao elfu 20 walikuja kumzika. Nyumba ilisimama miaka mingine 22, na moto haukuigusa. Mwaka wa 1812 ilibomolewa, ardhi yake itumiwe kwa nyumba nyingine. Mwaka wa 1976 lilisimamishwa mahali pake umbo tupu la chuma lifuatalo kipimo cha paa na dohani zake, na anayefika hapo aweza kuchungulia chini auone msingi wa zamani.